Tuanze Kufuta Mwaka Gani?

"Tuanze kufuta mwaka gani?" aliniuliza.

Tulikuwa tumekaa mbele ya kompyuta yake, wasifu wake wa kazi umefunguliwa, kurasa nne zilizojaa hadi pembeni. Rafiki yangu huyu yuko kwenye kazi ya mawasiliano tangu enzi za faksi. Ameandika hotuba za wakurugenzi ambao leo hakuna anayewakumbuka. Ameongoza idara. Amesimama mbele ya kamera huku mabosi wake wamejifungia ofisini, simu wamezima. Mwaka huu shirika lake limeunganisha idara mbili kuwa moja, nafasi yake ikafa, na sasa ana miaka 53 na anatafuta kazi.

Aliyemshauri afute ni mtu wa wakala wa ajira, tena kwa nia njema kabisa. Bakiza miaka kumi na mitano ya mwisho. Toa mwaka uliohitimu chuo. Toa ile tuzo, inakutaja umri. Picha usiweke, au kapige nyingine ukiwa umepaka nywele rangi.

Tulifuta. Mimi ndiye niliyeshika kipanya. Ilitoka redio aliyoanzia kazi, likatoka gazeti, ukatoka mgomo wa wafanyakazi ambao yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa kampuni kwa wiki nzima bila kulala vizuri. Zikabaki kurasa mbili, nyepesi, za mtu ambaye ungemkadiria miaka arobaini.

Alizisoma kutoka juu hadi chini. "Huyu mama simjui," alisema, "lakini ningemwajiri."

Tulicheka sana. Kisha mimi nikashindwa kuacha kuliwaza jambo hili, wiki baada ya wiki, hadi nikaona heri niliandike.

Sababu si kwamba ushauri ule ni mbaya. Ungekuwa mbaya ningeupuuza na kulala.

Ushauri sahihi, ndiyo shida yenyewe

Mwaka 2022, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini iliishtaki kampuni inayofundisha Kiingereza mtandaoni, iTutorGroup. Kwa mujibu wa mashtaka, programu ya kampuni hiyo ya kupokea maombi ya kazi ilikuwa imepangwa imkatae papo hapo mwanamke yeyote mwenye miaka 55 na zaidi, na mwanamume yeyote mwenye miaka 60 na zaidi. Waombaji zaidi ya 200 wenye sifa walikataliwa namna hiyo. Jambo lilijulikana baada ya mwombaji mmoja kutuma maombi mawili yaliyolingana kila kitu isipokuwa tarehe ya kuzaliwa. Yule "kijana" akaitwa kwenye usaili. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza kesi.

Kila ninapoisoma kesi hiyo, jicho linanigota kwenye ile tofauti ya miaka mitano.

Kuna mtu alikaa chini, akafikiri, akaandika namba mbili. Mwanamke anachakaa mapema kuliko mwanamume, na mapema kwa kiasi hiki. Ubaguzi wa aina hii kwa kawaida hausemi namba. Unasema "tumeamua kwenda na mwombaji mwingine" na kukutakia kila la heri. Safari hii uliandikwa kwenye programu, ukasomeka.

Wala si kampuni moja. Wachumi watatu, David Neumark, Ian Burn na Patrick Button, walituma maombi ya kubuni zaidi ya 40,000 kwa matangazo halisi ya kazi katika miji ya Marekani, sifa zikilingana, umri ukitofautiana. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Kwenye kazi za kiofisi, wanawake waliokaribia umri wa kustaafu waliitwa karibu nusu tu ya mara walizoitwa wanawake vijana. Kwa wanaume picha haikuwa wazi kiasi hicho. Kwa wanawake ilikuwa wazi.

Kwa hiyo yule mtu wa wakala anajua anachokisema. Anayeficha miaka anaitwa. Asiyeficha anasubiri.

Lakini fikiria maana yake kwa mtu wa mawasiliano. Kazi yetu sisi ni kumwambia mteja asidanganye kuhusu yeye ni nani, kwa sababu itajulikana, na ikijulikana itamgharimu zaidi. Nimetoa ushauri huo mara nisizoweza kuhesabu. Halafu tukirudi kwenye jambo letu wenyewe, ushauri wa kwanza tunaopeana ni kujificha.

Mvi za nani

Wanaoonekana zaidi ni watangazaji wa runinga, kwa hiyo mifano mingi inatoka huko.

Agosti 2022, Lisa LaFlamme, mtangazaji mkuu wa taarifa ya habari ya usiku ya CTV nchini Kanada, aliwaeleza watazamaji kwa video fupi mtandaoni kwamba mwajiri wake, Bell Media, amekatisha mkataba wake. Alikuwa na miaka 58, na alikuwa amefanya kazi pale kwa miaka 35. Kampuni ilisema ni uamuzi wa kibiashara, tabia za watazamaji zinabadilika. Nyuma kidogo, wakati wa korona, LaFlamme alikuwa ameacha kupaka nywele rangi na mvi zikaonekana hewani. Gazeti la Globe and Mail liliripoti kwamba mkuu mmoja aliuliza ni nani aliyeruhusu nywele zile ziachwe hivyo. Kampuni ilikana kwamba umri, jinsia au mvi vilichangia.

Tukubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba walisema kweli. Bado nina swali dogo. Mtu aliyemtangulia LaFlamme kwenye kiti hichohicho, Lloyd Robertson, aliondoka mwaka 2011. Alikuwa na miaka 77.

Tabia za watazamaji hazikumfukuza.

Na msidhani miaka 58 ndiyo mpaka. Christine Craft alikuwa bado na thelathini na kitu alipoondolewa kwenye kiti cha mtangazaji wa kituo kimoja cha Kansas City mwaka 1981. Alieleza kwamba meneja alimwambia watazamaji waliohojiwa wamemwona mzee mno, si mrembo, na asiyewanyenyekea wanaume vya kutosha. Alikwenda mahakamani. Jopo la wazee wa baraza lilimpa dola 500,000 mwaka 1983, jaji akalitupa. Jopo la pili likampa dola 325,000, mahakama ya rufaa ikalitengua. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kuisikiliza kesi. Thelathini na kitu!

Mimi sijawahi kusoma habari kwenye runinga, wala rafiki yangu. Sisi ni wa nyuma ya pazia: taarifa kwa vyombo vya habari, hotuba, kampeni, ripoti ya mwaka, simu ya mwandishi saa tano usiku. Huko nyuma hakuna anayetaja nywele. Wanataja *kasi*. Wanataja *nguvu*. Wanataja kama mtu "ataendana na timu", na timu ukiitazama wote wana miaka ishirini na saba. Tangazo la kazi linataka "mzaliwa wa dijitali", kana kwamba simu ya mkononi ni kabila.

Hapo ndipo huwa nashindwa kujizuia. Facebook ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006. Rafiki yangu alikuwa mtu mzima, ana cheo, na yeye ndiye aliyeketi usiku akajifunza, kisha akamwandikia bosi wake ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini shirika linauhitaji. Kabla ya hapo alikuwa amejifunza barua pepe na tovuti. Baada ya hapo amejifunza kila mtandao uliokuja, pamoja na ile iliyokufa ambayo leo hakuna anayeitaja. Sasa anajifunza kuzisimamia programu za akili unde zinazoandika rasimu. Mtu aliyebadilisha zana mara zote hizo anaambiwa hawezi kubadilika, na anayemwambia hajawahi kubadilisha hata moja.

Sheria nayo ikakwama katikati

Kwa muda nilidhani jibu liko kwenye sheria. Marekani imekuwa na sheria ya kuwalinda wafanyakazi kuanzia miaka 40 dhidi ya ubaguzi wa umri tangu 1967, miaka miwili kabla daktari Robert Butler hajalipa jina tatizo lenyewe. Uingereza nayo iliweka umri kwenye Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Kwenye karatasi tuko salama.

Kesi iliyonibadilisha mawazo ni ya Miriam O'Reilly.

O'Reilly alikuwa mtangazaji wa Countryfile, kipindi cha BBC cha maisha ya mashambani. Mwaka 2009 kipindi kilihamishiwa jioni, muda wenye watazamaji wengi. Yeye na watangazaji wenzake wanawake wa miaka arobaini na hamsini wakaachwa. John Craven, mwanamume wa miaka 68, akabaki. O'Reilly alishtaki, akasimulia alivyoulizwa kama si wakati sasa wa kuchoma sindano za kuondoa makunyanzi, na alivyoonywa kuhusu makunyanzi hayo na picha za kisasa zinazoonyesha kila kitu. Januari 2011 baraza la kazi likampa ushindi: alibaguliwa kwa umri, na aliadhibiwa kwa kulalamika.

Dai la kubaguliwa kwa jinsia likatupwa.

Ukifuata hesabu yao utaelewa. Walioingia mahali pao walikuwemo wanawake, vijana. Basi wanawake hawakubaguliwa. Lakini mwanamume mzee alibaki, na wanawake wenye umri mdogo kuliko wake wakatoka. Kwa hiyo umri peke yake hauelezi, na jinsia peke yake haielezi. Kinachoeleza ni vyote viwili vikiwa juu ya mtu mmoja, na kwa hilo kesi haikuwa na pa kukaa.

Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliishaliona tundu hili mwaka 1989, akiandika kuhusu wanawake weusi waliokuwa wakiambiwa na mahakama wachague: mnalalamika kama wanawake au kama weusi? Uingereza ilijaribu kuliziba. Kifungu cha 14 cha ile sheria ya 2010 kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayebaguliwa kwa sababu mbili kwa pamoja. Mwaka 2011, miezi michache tu baada ya hukumu ya O'Reilly, serikali ilitangaza kwamba haitakiingiza katika utekelezaji.

Sisemi sheria ni bure. O'Reilly alishinda, na alichoshinda si kidogo. Ila mwanamke anayefungua kesi lazima awe tayari kwa miaka ya mapambano, na katika taaluma yetu, ambako kila mtu anamjua kila mtu na kazi inayofuata inakuja kwa kuulizana "unamwonaje fulani?", wengi hawafungui. Wanapaka nywele rangi.

Jambo lisiloharibika halina ripoti

Baada ya hapo nilirudi kwenye swali lililokuwa linanitekenya tangu mwanzo. Kwa nini ni rahisi hivi kumwondoa mkongwe wa mawasiliano? Daktari wa upasuaji wa miaka 55 hakuna anayemwambia hana kasi. Rubani wa miaka 55 abiria wanamfurahia.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Sote tunaujua msemo huu. Sasa utazame kwa jicho la mtu anayetakiwa kuthibitisha thamani yake kwenye usaili. Neno halikuharibika. Basi hakuna habari, hakuna kelele, hakuna picha, hakuna namba za kuweka kwenye wasifu. Jambo lisiloharibika halina ripoti.

Mwaka 2010 mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Meksiko, watu 11 wakafa na mafuta yakamwagika baharini kwa miezi. Mkuu wa BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa ikiutumia mtambo huo, Tony Hayward, akiwa mbele ya waandishi, alisema hakuna anayetaka jambo hili liishe kuliko yeye, kwamba anataka arudishiwe maisha yake. Watu 11 hawakuwa na maisha ya kurudishiwa. Aliomba radhi baadaye, lakini sentensi ile ndiyo iliyobaki, na kabla mwaka haujaisha hakuwa tena mkuu wa kampuni.

Kila mtu wa mawasiliano anaijua sentensi hiyo. Tunaifundishia. Lakini hakuna anayejua sentensi zote mfano wa hiyo ambazo hazikusemwa, kwa sababu dakika kumi kabla ya mkutano na waandishi kulikuwa na mtu chumbani, mara nyingi mwanamke, mara nyingi si kijana, aliyesema: "Mheshimiwa, hiyo usiseme." Mheshimiwa akanuna, hakuisema, na siku ikapita kama siku nyingine.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya kile mkongwe anachouza ni vitu ambavyo havikutokea.

Kijana anayeanza ana vitu vilivyotokea: kampeni iliyotazamwa na watu laki tatu, wafuasi walioongezeka, video iliyosambaa. Si uongo na si kazi ndogo. Inapimika, inachorwa kwenye grafu. Kadiri mtu anavyopanda katika kazi hii, ndivyo kazi yake inavyohama kutoka kwenye grafu na kuingia kwenye ukimya. Anazuia tangazo ambalo lingetukana watu. Anamwambia mkurugenzi asubiri hadi Jumatatu. Anakumbuka kwamba ahadi hiihii ilitolewa miaka minane iliyopita na haikutimizwa, na kwamba kuna mwandishi ambaye hajasahau.

Kisha tunamshauri afute miaka, na miaka ndiyo chombo pekee kilichokuwa kinaubeba ushahidi huo. Pale kwenye kompyuta tulipoufuta mgomo, tulifuta wiki ambayo hakuna mtu aliyeumia kwa sababu ya neno lililotoka kwenye kampuni ile. Lingetoka neno baya, tungelikuta hadi leo kwenye intaneti na lingekuwa na mwandishi wake. Halikutoka. Ilikuwa mstari mmoja, nikaubonyeza ukaondoka.

Ubishi wa mdogo wangu

Nilimpelekea mawazo haya mdogo wangu wa kazi, binti wa miaka thelathini na moja niliyefanya naye kazi zamani, ambaye siku hizi ana timu yake. Nilitegemea anipongeze.

"Dada," alisema, "naomba nikuulize bila kukukosea adabu. Mkikaa ninyi, sisi tutapanda lini?"

Akaendelea. Alisema mshahara wa mkongwe mmoja unaajiri watoto wawili wanaoweza kupiga picha, kuhariri video na kuandika, na bajeti yake haijaongezeka tangu alipokabidhiwa. Alisema alishafanya kazi chini ya mkuu wa mawasiliano aliyekuwa anataka kila andiko lichapishwe kwenye karatasi ndipo alisome. Alisema: "Huyo naye alikuwa na uzoefu."

Yote ni kweli, na nilikaa nayo.

Kuhusu yule wa karatasi sina utetezi. Wapo watu waliokaa kazini miaka ishirini na tano wakaacha kujifunza mwaka wa nne, wake kwa waume. Umri si sifa. Nikiudai uwe sifa nitakuwa nimeupindua ubaguzi uleule kichwa chini miguu juu. Ninachodai ni kwamba mtu apimwe kwa anachokijua na anachoweza kukitenda leo, na kwa kipimo hicho mama wa karatasi angeanguka na rafiki yangu angepita.

Kuhusu fedha, hapo aligusa penye ugumu. Mwajiri anayekwepa mshahara mkubwa hakika anakwepa mshahara. Huwezi kumwita mbaguzi kwa hilo peke yake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1993, katika kesi ya Hazen Paper dhidi ya Biggins, kwamba kumwondoa mtu kwa sababu ya miaka yake ya utumishi na pensheni iliyokaribia si lazima iwe sawa na kumwondoa kwa sababu ya umri. Kisheria naielewa. Lakini kwenye usaili mambo hayaendi hivyo. Rafiki yangu hajaulizwa hata mara moja anataka shilingi ngapi. Wanamkadiria bei kwa kuutazama uso, wanaamua ni ghali, kisha wanamwandikia kwamba wamepata aliyeendana zaidi. Angeulizwa, huenda angewashangaza. Watoto wameshamaliza shule, nyumba imeshajengwa, na anataka kazi anayoipenda kuliko cheo.

Na kuhusu kupanda, nilimwuliza na mimi swali. Katika ofisi yake mkurugenzi mkuu ana miaka mingapi? Sitini na tatu. Wa fedha? Anakaribia huko. Kuna mtu amewahi kuwaambia hao wapishe vijana?

Alinyamaza kidogo. "Lakini hao siwezi kuchukua nafasi zao," alisema.

Ndiyo hivyo. Kwenye chumba cha wakubwa kuna kiti kimoja cha mwanamke, na mara nyingi ni hiki cha mawasiliano. Wanawake wa vizazi viwili tunakizungukia kiti hicho, mmoja anaambiwa bado mdogo, mwingine anaambiwa ameshakuwa mkubwa, na viti vingine saba havimo kwenye mazungumzo. Sijui kama nilimshawishi. Tuliagana vizuri, na siku ya pili alinitumia meseji kuniuliza kuhusu taarifa moja iliyokuwa inamtia wasiwasi. Nilimwambia aondoe aya ya pili yote. Aliiondoa.

Mzigo ubebwe na nani

Rafiki yangu anafuta miaka kwa sababu mzigo wa kuzuia ubaguzi umewekwa kwake. Anayebaguliwa ndiye anayetakiwa kujificha. Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka: kufuta miaka huenda si jambo baya, ubaya uko kwa anayefuta.

Mwajiri akiamua kwamba jopo lake litapokea maombi yasiyo na tarehe ya kuzaliwa, mwaka wa kuhitimu wala picha, kwa waombaji wote, basi hakuna anayejificha. Ni utaratibu. Na hapo kazi zenyewe zinaweza kubaki zote. Mgomo unabaki, bila mwaka wake. Jopo linasoma kwamba huyu mtu alikuwa msemaji wakati wa mgomo, na linataka kujua alifanya nini, badala ya kupiga hesabu alikuwa na miaka mingapi.

Kisha usaili uwe wa kazi. Mpe kila mwombaji tukio lilelile: bidhaa imeleta madhara, mwandishi amepiga simu, mkurugenzi yuko kwenye ndege, una dakika arobaini. Aandike. Mwulize kila mmoja maswali yaleyale na maksi ziandikwe kabla watu hawajaanza kuzungumza. Na yule mjumbe atakayesema "sidhani kama ataendana na timu", aombwe aandike ana maana gani. Nimekaa kwenye majopo ya kutosha kujua kwamba sentensi hiyo, ikidaiwa maandishi, mara nyingi hurudishwa mfukoni.

Sisi wenyewe nasi tuna la kufanya, na hapa nawasema wenzangu. Tuandike. Kila jambo zito unalolizuia, andika siku hiyohiyo mistari mitano: kilichopendekezwa, ulichoshauri, kilichoamuliwa, kilichofuata. Siri za mteja ziache, majina yaache. Mwisho wa mwaka mpelekee bosi wako, aone kwenye karatasi kile ambacho hakikumpata. Wahasibu wanafanya hesabu za hasara iliyoepukwa na hakuna anayewashangaa. Sisi tuliona ni adabu kukaa kimya, kwamba msemaji mzuri hajisemei. Adabu hiyo imetugharimu.

Rafiki yangu ameanza kuandika yake kwa kukumbuka, kutoka mwanzo. Anasema inamchosha, na kwamba amegundua alikuwa mkali kuliko alivyodhani.

Tangazo

Majuzi mkurugenzi mmoja ninayefahamiana naye aliniomba nimsaidie kuandika tangazo la kazi. Anatafuta mkuu wa mawasiliano. Rasimu yake ilitaka mtu "mchangamfu, mwenye nguvu, anayeishi mitandaoni, mwenye uzoefu wa miaka mitano hadi minane".

Niliondoa "mchangamfu". Niliondoa ile minane, kwa sababu sioni ni kosa gani mtu anakuwa amelifanya akifikisha tisa. Badala ya kuishi mitandaoni niliandika anachotakiwa kukifanya huko: kusimamia kurasa za shirika, kujibu malalamiko ndani ya saa mbili, kusoma takwimu na kuzieleza kwa menejimenti. Niliongeza kwamba mwombaji aeleze, kwa ukurasa mmoja, jambo alilowahi kulizuia lisitokee.

Alirudisha rasimu amekubali karibu yote. Ila alikuwa amerudisha "mwenye nguvu".

Nikampigia. "Nguvu za kufanya nini?"

Alifikiri. "Za kukesha. Mambo yetu yakiharibika huwa yanaharibika usiku."

"Basi andika hivyo."

Tangazo limetoka likiwa na mstari huu: awe tayari kufanya kazi usiku inapotokea dharura. Maombi yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi, na mimi nimewekwa kwenye jopo.